Namna ya Kuzuru Makumbusho ya Udongo wa Dunia: Mwongozo kwa Mkazi wa Nyanda za Juu Kusini

Katika mji wa Wageningen nchini Uholanzi kuna makumbusho yaliyojaa udongo kutoka pembe nyingi za dunia. Yako chini ya taasisi ya ISRIC, kituo cha kimataifa cha taarifa za udongo, ambayo ilianzishwa mwaka 1966 ili wanasayansi wa udongo wawe na mahali pamoja pa kuhifadhi na kulinganisha aina za ardhi. Makusanyo yake yana mikato ya udongo zaidi ya 1,000, na sehemu yake ndogo huonyeshwa ukumbini. Kila mkato ni kipande kizima cha ardhi: mtaalamu amechimba shimo, akakata ukuta wake kuanzia kwenye mizizi ya majani hadi chini kabisa, akaugandisha kwa gundi maalumu, kisha akausimamisha ubaoni wima kama ulivyokuwa ulipotolewa.

Mwongozo huu unamhusu mwanafunzi wa Mbeya au Iringa anayekwenda kusoma Wageningen, mwalimu wa jiografia au kilimo anayetaka kuwatembeza wanafunzi wake kupitia tovuti ya makumbusho hayo, na mkulima yeyote wa Njombe, Rungwe au Mbozi anayependa kufahamu udongo wake una ndugu gani duniani. Ninaamini kwa dhati kwamba ziara ya namna hii huanzia nyumbani, kwa jembe na beleshi. Mtu asiyewahi kutazama ukuta wa shimo shambani kwake ataona mbao za rangi ya kahawia na nyekundu, atapiga picha mbili tatu na kuondoka. Aliyekwisha kuchimba na kutazama atasimama mbele ya ubao mmoja kwa nusu saa.

Hatua ya kwanza: chimba shimo moja kwenu

Chagua mahali palipotulia: pasiwe njia ya watu, pasiwe karibu na zizi, jaa la taka, mtaro au bomba la maji, na pasiwe eneo la makaburi. Kama shamba si lako, omba ruhusa kwa mwenyewe, na ikiwezekana omba pia akusindikize. Wazee waliolima hapo kwa muda mrefu wanajua ni sehemu gani huwahi kukauka, ni sehemu gani mahindi hugeuka njano kila mwaka, na udongo wa kila sehemu unaitwaje kwa Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kibena. Msalimie mzee, keti umsikilize, na uandike majina hayo daftarini kabla ya kuchimba, kwa sababu yamebeba uzoefu ambao ramani nyingi hazina.

Shimo liwe na upana wa mita moja, urefu wa mita moja na nusu, na kina kisichozidi mita moja na robo. Kwenda chini zaidi bila kuegemeza kuta ni hatari, hasa kwenye udongo wa kichanga au wa majivu ya volkano ambao huporomoka bila kutoa dalili. Udongo wa juu uuweke upande mmoja na wa chini upande mwingine, ili wakati wa kufukia kila mmoja urudi mahali pake. Ukuta utakaoutazama uelekee jua, na usiruhusu mtu kukanyaga juu yake wala kurundika udongo hapo. Usiache shimo wazi usiku, kwani ng'ombe na watoto hupita.

Hatua ya pili: usome ukuta wa shimo

Kwa kisu au mwiko wa fundi, kwangua ukuta taratibu hadi alama zote za beleshi zitoweke na udongo uonekane katika umbile lake. Chomeka rula ndefu au tepu iliyonyooshwa kuanzia juu, kisha upige picha wakati mwanga ni wa kutosha na hakuna kivuli kinachokatisha ukuta. Baada ya hapo tafuta mahali rangi, ugumu au wingi wa mizizi unapobadilika, na uweke kijiti kwenye kila mpaka. Matabaka yatajitokeza yenyewe, ingawa mara nyingi mpaka huwa kama ukungu na utalazimika kuamua uuweke wapi.

Rangi itazamwe udongo ukiwa na unyevu, kwa kuwa udongo mkavu hupauka na kudanganya. Wataalamu hutumia kitabu cha rangi cha Munsell, lakini kwa mahitaji yako inatosha kuandika rangi kwa maneno ya wazi: nyeusi, kahawia iliyoiva, nyekundu, ya kijivu, na kama kuna mabaka ya rangi ya kutu. Mabaka hayo ni ya muhimu sana. Maji yakijaa katika udongo na hewa ikakosekana, chuma huyeyuka na udongo hubaki wa kijivu. Maji yakishuka na hewa ikarudi kupitia mashimo ya mizizi, chuma hushika kutu papo hapo. Mtu anayelima mpunga Mbarali, au vinyungu, yaani bustani za kiangazi, katika mabonde ya Iringa, anaweza kuonyeshwa na kutu hiyo maji hufika wapi wakati wa masika, hata kama amechimba mwezi wa kiangazi.

Chukua udongo kidogo wa kila tabaka, uloweshe na uusokote kati ya kidole gumba na cha shahada. Wa kichanga utakwaruza na kukataa kushikamana. Wa tifutifu utatoa utepe mfupi unaokatika. Wa mfinyanzi utatoa utepe mrefu unaong'aa. Ukitaka uhakika zaidi, tia udongo katika chupa angavu hadi theluthi yake, ongeza maji na chembe ya sabuni ya unga, tikisa kwa nguvu, kisha uiache. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, vumbi laini hutua katika saa chache, na mfinyanzi huendelea kuning'inia majini kwa siku nzima au zaidi.

Dondoshea pia siki kwenye tabaka la chini. Likitoa mapovu, kuna chokaa ya asili, jambo linalowezekana katika nyanda kavu kama Usangu na lisilotarajiwa katika vilima vya mvua nyingi vya Mufindi au Rungwe, ambako maji yamekwisha kuisafirisha chokaa hiyo kwa muda mrefu.

Hatua ya tatu: shuka kutoka kilimani hadi bondeni

Shimo moja halitoshi kuelewa kile ambacho makumbusho yanataka kusema. Ukiweza, chimba jingine katikati ya mteremko na la tatu bondeni, au walau tazama kingo za barabara na mitaro iliyokwisha kuchimbwa. Hapa mkazi wa Tanzania ana haki ya kujivunia jambo moja: fikra ya kwamba udongo wa mteremko mmoja ni mnyororo, ambamo kila pete inaitegemea iliyo juu yake, iliandikwa hapa Afrika Mashariki. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, mkoani Tanga, aliieleza mwaka 1935, akaitumia kuchora ramani ya udongo ya Afrika Mashariki. Aliona jinsi udongo mwekundu wa juu ya kilima unavyofuatwa na wa kichanga uliopauka mteremkoni, kisha na wa mbuga mweusi chini, na hayo yote juu ya mwamba wa aina moja. Jina alilolipa, katena, hufundishwa hadi leo katika vyuo vya dunia nzima.

Mteremko huo unaonekana bila taabu ukisafiri kutoka Iringa mjini ukielekea vijiji vyenye vinyungu. Ukiwa Mbeya, utauona kwa namna nyingine kati ya safu ya Uporoto na tambarare ya Usangu, ila huko mwamba wenyewe hubadilika njiani, hivyo usidhani kila tofauti imeletwa na mteremko.

Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na fedha kidogo anaweza kuwapeleka Isimila, karibu na mji wa Iringa. Watu huenda kuona zana za mawe za kale na nguzo zilizochongwa na mmomonyoko, lakini kuta za korongo lile ni somo zuri la matabaka ya mashapo yaliyotuama zamani. Wanafunzi waelezwe mapema kwamba matabaka ya mashapo, yaliyoletwa na maji moja juu ya jingine, hayafanani na matabaka ya udongo yaliyojitenga humo humo ardhini kwa kazi ya mvua, mizizi na wadudu.

Hatua ya nne: jiandae kwa safari

Usibebe udongo. Sheria za Umoja wa Ulaya za afya ya mimea zinakataza kuingiza udongo kutoka nchi nyingi za nje, Tanzania ikiwemo, na sababu yake ni ya msingi: katika kiganja kimoja cha udongo mnaweza kuwa na minyoo na vimelea vinavyoweza kuharibu mashamba ya nchi nyingine. Safisha viatu vya shambani kwa brashi na maji kabla ya kuvipakia. Kinachofaa kubebwa ni picha za kuta za mashimo yako, daftari, na majibu ya kipimo cha maabara kama unayo. Kituo cha Uyole cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kiko jijini Mbeya penyewe, na TARI Mlingano mkoani Tanga ndicho kituo kinachobeba utafiti wa udongo kitaifa. Afisa ugani wa kata anaweza kukuelekeza namna ya kupeleka sampuli na gharama ya wakati huo. Omba angalau kiwango cha pH (kipimo cha tindikali), fosforasi na kaboni.

Wageningen haina stesheni ya reli. Kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol unapanda treni hadi stesheni ya Ede-Wageningen, kisha basi linalokwenda eneo la chuo kikuu, ambako makumbusho yapo. Thibitisha siku na saa za kufunguliwa kwa barua pepe kabla ya kukata tiketi, na kama mko kikundi mwombe mapema mtu wa kuwaongoza, kwa sababu maelezo ya mtaalamu aliyeyasoma makusanyo yale kwa miaka hupita maandishi ya ubaoni.

Asiyesafiri afungue tovuti ya makumbusho, ambayo inaonyesha mikato ya nchi mbalimbali pamoja na maelezo yake. Wanafunzi waitazame kwa vikundi vya watatu au wanne, picha ya shimo lao ikiwa mezani, na kila kikundi kiwe na ubao mmoja tu wa kushughulikia.

Hatua ya tano: ndani ya ukumbi

Usianze mlangoni na kufuata mstari hadi mwisho. Anza na udongo mweusi.

Watu wengi wa kwetu tumelelewa tukiamini kwamba udongo mweusi una rutuba, na makumbusho haya ni mahali pazuri pa kuipima imani hiyo. Tafuta kwanza chenozemu, udongo maarufu wa nyika za Ukraine na Urusi, ambao Vasily Dokuchaev aliuandikia utafiti uliochapishwa mwaka 1883 na kuweka msingi wa sayansi ya udongo. Weusi wake unatokana na mboji ya mizizi ya majani iliyoshikamana na kalisi, na unaweza kwenda chini hadi mita moja au kupita. Kisha tafuta vetisoli, ambayo sisi tunaiita mbuga. Ni nyeusi vilevile, lakini mara nyingi ina mboji kidogo kuliko rangi yake inavyoahidi. Kinachoitawala ni mfinyanzi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi. Angalia nyufa zake na nyuso zinazong'aa mahali mabonge yaliposuguana. Mkulima aliyewahi kukwama na trekta Usangu baada ya mvua ya kwanza ataitambua bila kusoma maandishi.

Weusi wa tatu ni wa andosoli, udongo wa majivu ya volkano, na huu ni wa nyumbani kabisa kwa watu wa Tukuyu, Isongole na Kitulo. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu takribani miaka 4,000 iliyopita na kutandaza mawe mepesi yenye vitundu, ambayo hadi leo huonekana kama mkanda katika kingo nyingi za barabara wilayani humo. Madini yanayozaliwa na majivu hayo hukumbatia mboji na kuizuia isioze upesi, ndiyo maana udongo ni mweusi, mwepesi mkononi na wenye kushika maji mengi. Madini hayo hayo hukumbatia pia fosforasi. Mkulima wa viazi anaweza kumwaga mbolea ya kupandia na mmea ukaambulia kidogo, hali maabara inaonyesha fosforasi ipo. Ndiyo sababu ushauri unaofaa kwenye udongo huo ni kuweka mbolea karibu na mbegu, kwenye mstari au shimo, pamoja na samadi, badala ya kuitawanya shamba zima.

Mbele ya mikato hiyo mitatu, jiulize kila mmoja ungehitaji nini kwako. Nadhani hakuna darasa linalofundisha vizuri zaidi kwamba rangi moja inaweza kuwa na asili tatu na mahitaji matatu.

Baada ya weusi, nenda kwenye wekundu. Ferasoli za Brazili na za bonde la Kongo ni ndugu wa udongo mwekundu wa sehemu za Mufindi na Njombe. Una kina kirefu, umbile zuri na mizizi hupita bila taabu, lakini mvua za miaka isiyohesabika zimeuosha virutubisho na kuuachia chuma na alumini. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kuidhuru mizizi ya mahindi na maharage, hali chai hustahimili na hata kuipenda tindikali hiyo. Hapo utaelewa kwa nini mashamba makubwa ya chai yako Mufindi na Rungwe, na kwa nini mkulima wa mahindi jirani yake anashauriwa kupima kwanza kisha kutia chokaa ya kilimo.

Kuna tabaka moja litakalomchanganya mtu wa Rungwe, nalo ni lile jeupe kama majivu katika podzoli, udongo wa kichanga wa misitu ya baridi ya Skandinavia na Urusi. Si majivu. Ni mchanga ulioachwa uchi baada ya maji yenye tindikali ya majani ya misonobari kuuvua chuma na mboji na kuvishusha chini, ambako utaviona vimejikusanya kama mkanda wa kahawia au mweusi.

Usiondoke bila kuuliza kuhusu udongo wa Waholanzi wenyewe unaoitwa plaggen. Kwa karne nyingi wakulima wa mchanga wao maskini walikata mabamba ya nyasi na vichaka porini, wakayatandika mazizini, na yalipochanganyika na kinyesi cha mifugo wakayamwaga shambani, mwaka baada ya mwaka, hadi tabaka la giza likazidi nusu mita. Binadamu ndiye aliyeujenga. Mtu wa Mbinga anayelima ngoro, akizika majani chini ya matuta yanayozunguka kila kishimo, na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa Rungwe anayetoa samadi bandani, wako katika kazi ile ile, na ubao huo unawaonyesha inakofikia isipokatizwa. Kwa upande mwingine pori lililokatwa mabamba lilidhoofika, na mahali pengine likageuka mchanga unaopeperushwa na upepo. Rutuba ya shamba moja ilitoka mahali, na mahali hapo palilipa.

Mikato mingine, kama ya jangwani, ya chumvi na ya barafu ya kudumu, itazame kwa kadiri ya muda ulio nao.

Hatua ya sita: linganisha na ramani

Taasisi hiyo hiyo ya ISRIC hutengeneza SoilGrids, ramani ya dunia nzima inayopatikana bure mtandaoni, ambayo hukadiria sifa za udongo kwa kila mraba wa mita 250. Tafuta kijiji chako na uandike inachosema kuhusu pH na mfinyanzi, kisha uweke kando ya ulichokipima. Vikitofautiana, usikimbilie kulaumu ramani wala shimo lako: katika mita 250 za vilima vya Ileje au Makete kuna kilele, mteremko na bonde, na ramani imetoa kadirio moja kwa vyote.

Hatua ya saba: tengeneza ubao wa kwenu

Njia rahisi inayofaa shule ni hii. Tafuta ubao wenye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 20, na uupigilie kingo za sentimita tatu pande zote. Rudi shimoni, na kwa kila tabaka kata mabonge bila kuyaponda, uyabebe kwenye trei ukiwa umeandika yametoka sentimita ngapi kutoka juu. Yakaushe kivulini hadi yawe makavu kabisa. Paka ubao gundi nyeupe ya seremala, panga mabonge kwa mpangilio wa shimo, kisha changanya gundi hiyo na maji sawa kwa sawa na uimimine polepole ili inywewe hadi ndani. Rudia siku inayofuata, na uendelee mpaka udongo usitoe chembe ukiguswa. Udongo wa mbuga huchukua muda zaidi, kwa sababu hupasuka unapokauka; jaza nyufa chache, nyingine ziache zionekane, kwa kuwa ni sehemu ya tabia yake.

Pembeni andika kijiji, kata, mwinuko kutoka usawa wa bahari, mahali kwenye mteremko, zao linalolimwa, jina la udongo kwa lugha ya wenyeji na pH ya kila tabaka kama imepimwa. Ukutani panga mbao kwa utaratibu wa mteremko, wa kilimani juu na wa bondeni chini, mbali na jua la moja kwa moja. Kikundi kinachotaka kuzipeleka kwenye maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, kianze kuchimba mwezi Juni mvua zikiwa zimekwisha, ili gundi ipate wiki za kutosha kukauka kabla ya Agosti, na kila ubao usafirishwe ukiwa umelazwa, umefunikwa kwa nailoni, bila kitu chochote juu yake.